Anayemlisha Mwanangu

Jumapili, 3 Februari

Kwa mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, ila mguu wa kushoto, ule unaoujua, huvimba nikisimama sana, na kazi yangu ni kusimama. Majirani hawajambo. Paka amezaa tena chini ya kitanda chako. Sijui wewe huko chuoni unaendeleaje na masomo, na afya, na wenzako wa chumbani.

Nakuandikia kwa sababu simu yako siiamini. Nikikuuliza kama umekula, unasema "nimekula, mama," halafu mtandao unakatika. Kila siku unakatika palepale. Karatasi haikatiki, kwa hiyo nijibu kwa karatasi, umpe dereva.

Huyu dereva wa lori la sabuni anayekuletea barua ndiye aliyenitia moto. Wiki iliyopita aliingia jikoni kiwandani wakati nagawa chakula cha mchana, akasema mbele ya watu wote, "Mama, nimemwona binti yako kwenye lango la chuo. Nilidhani ni fagio limevaa gauni." Watu wakacheka. Nilimpa wali bila mchuzi ajifunze adabu, lakini tangu siku hiyo sina raha.

Mwanangu, mimi kila mchana nalisha watu mia mbili na kumi, wanaume wazima wanaonilalamikia chumvi. Nikisikia wangu mwenyewe amekonda, nashindwa hata kugeuza mwiko. Niambie ukweli wote, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mama yako
(ni mpishi, si mpiga ramli, usiponiambia sitajua)


Jumatatu, 11 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na natumaini mguu umepata nafuu. Paka mpe pole ya uzazi.

Umeomba ukweli, huu hapa. Siku ile tulipojaza fomu za chuo mezani pako, sote wawili tulidhani bweni maana yake ni kitanda na sahani. Kumbe ni kitanda tu. Chakula kinauzwa kantini, na ukikosa cha kununulia unapita dirishani pake ukitazama mbele. Muhula wa kwanza nilikula mara mbili kwa siku, baadaye mara moja. Nikajifunza mbinu za wenzangu. Unakunywa maji ya sukari kabla ya kipindi. Unalala mchana ili saa ya chakula ikupite. Unaingia semina za watu wengine, kwa sababu saa nne wanagawa chai na biskuti. Nimehudhuria semina ya magonjwa ya kuku, na mimi nasomea upimaji ardhi. Niliuliza hadi swali.

Chumbani tuko wanne, na watatu tuko hivyo. Wa nne hula biskuti zake amejifunika shuka, na sisi tunajifanya hatusikii karatasi zikichanika. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungeanza kujinyima ili unitumie.

Lakini sasa usiwe na wasiwasi. Nyuma ya maktaba kuna kibanda cha fotokopi cha mwanamke tunayemwita Mama Wino, maana vidole vyake havijawahi kuwa safi. Mwaka juzi aliacha mkate wake juu ya mashine, akarudi akakuta mwanafunzi ameula na kumwachia kikaratasi cha kuomba msamaha. Mama Wino hakumtafuta mwizi. Alinunua kabati. Sasa walimu wawili watatu humletea unga, maharage na mayai, naye hupika kwenye jiko dogo nyuma ya pazia. Ukifika unasema tu umekuja kuchukua nakala zako, naye anakupa boksi lililokuwa la karatasi za fotokopi. Juu kuna karatasi, chini kuna bakuli. Ukipita nalo uwanjani kila mtu anadhani umebeba masomo. Hakuna anayejua nani ana njaa na nani ana mtihani.

Mama Wino anajua kupika hadi unalamba vidole. Mama Wino akiona sijafika siku mbili, hunitumia mtu. Juzi nilipata homa kidogo, Mama Wino akaniletea uji bwenini na kukaa nami mpaka nikamaliza. Kwa kweli Mama Wino amekuwa mama kwetu hapa. Ndiyo maana nasema utulie.

Mwanao wa pekee


Ijumaa, 15 Februari

Kwa mwanangu,

Mimi ni mzima. Mguu haujambo. Paka ni paka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikasirika kwamba ulikaa na njaa ukanificha. Mara ya tatu nikahesabu. Mama Wino yumo mara sita. Neno mama, bila wino, limo mara mbili, na mara ya pili umempa yeye.

Nina maswali juu ya huyu mwanamke. Ana watoto wake au hana? Kama anao, kwa nini asilishe hao akamaliza? Kama hana, wangu hajaachwa njiani aokotwe. Hadi unalamba vidole, unasema. Nimepika pale kiwandani miaka kumi na minane, meneja huacha chakula cha mkewe nyumbani akala changu, na sijawahi kusikia habari za vidole. Amekaa nawe ukiwa na homa. Mimi nilikaa nawe kwenye surua, kwenye tetekuwanga na ulipovunjika mkono, na hakuna aliyeandika barua ya kunisifu.

Najua naongea kama mke mwenza. Basi ndivyo ninavyojisikia. Naona wivu, mwanangu, na leo umeniunguzia sufuria nzima ya wali, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nilikuwa stoo kati ya magunia, nawaza ule uji aliokuletea bwenini, nani aliupoza, alikuinua kichwa au ulikaa mwenyewe. Niliporudi jikoni moshi ulikuwa umefika dirishani. Wanaume wakala mikate mikavu, na mimi sikuomba radhi.

Pamoja na barua hii dereva anakuletea boksi. Kuna unga wa uji niliokaanga mwenyewe, karanga, mchele, samaki wakavu, sukari na chupa ya mafuta. Nimelifunga kwa kamba tatu kwa sababu dereva ana mkono mrefu. Pika, ule, unenepe. Halafu nenda kwa huyo mama wa wino umwambie asante, mama yangu amesikia, hapa panatosha.

Mama yako, yule wa kwanza


Jumapili, 24 Februari

Mama, shikamoo,

Natumaini u mzima na hasira zimepoa. Mimi sijambo, na wiki hii nimeshiba siku sita mfululizo, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau.

Boksi limefika na kamba zote tatu. Tulipolifungua, chumba kizima kilinukia nyumbani. Yule wa biskuti alitoa kichwa kwenye shuka akauliza mama yangu anafanya kazi gani. Tukapika sote wanne, na yeye akatoa biskuti zake bila kuombwa. Hata yeye, kumbe, alikuwa anakula mbili kwa siku ili pakiti imfikishe mwisho wa mwezi.

Sitakuficha tena kitu. Nusu ya boksi niliipeleka kwenye kabati la Mama Wino. Nimechukua pale wiki nyingi bila kuweka chochote, na siku hiyo kabati lilikuwa na maharage matupu, na wanaokuja ni wanafunzi thelathini na mmoja. Kwa mara ya kwanza nilibeba boksi kuingia, si kutoka. Ungeniona, nilitembea kifua mbele.

Mama Wino aliuonja unga wako akafumba macho. Anauliza umechanganya nini, maana uji wake huganda. Anakusalimu sana. Amesema, "Mwambie mama yako amezaa." Nikajivuna siku nzima. Ukipata nafasi mwandikie vipimo.

Mwanao wa pekee


Ijumaa, 1 Machi

Mwanangu,

Salamu. Hali yangu sitaisema, naona haikuhusu sana.

Nilichanganya nini? Nilichanganya mguu uliovimba na siku moja ya mapumziko niliyoomba ili nikaange huo unga. Vipimo ndivyo hivyo, mpelekee.

Kwa hiyo mimi nitafute, nikaange, nifunge, nisafirishe, halafu watoto thelathini waseme asante Mama Wino. Umechukua jasho langu ukaliweka kabatini kwake likawa lake. Na yeye anajua kusema, namwona. "Mwambie mama yako amezaa." Anayesema hivyo ameshajiona mtoto ni wake, mimi ananitupia kijisifa nisilie. Sikutaka sifa yake. Nilitaka ule wewe, wewe peke yako, na kila ukitafuna unikumbuke.

Jana binti wa fundi wa mitambo alimletea baba yake kofia aliyoisahau. Wakasimama mlangoni mwa jikoni wakacheka kidogo, binti akaondoka. Nikawaonea wivu hata hao. Nimefika huko.

Sasa sikiliza. Boksi lingine linakuja wiki ijayo, na kila mwanzo wa mwezi litakuja, nitalijaza mpaka lishindwe kufungika. Utakula hilo. Lakini chakula cha mwanamke yule kikiingia tena kinywani mwako, hata kijiko kimoja, usiniite mama. Mwite yeye. Nimemaliza.

Mama yako, mpaka hapo utakapoamua


Jumatano, 20 Machi

Kwa mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Vitoto vya paka vimekua, vinapanda mapazia.

Barua ya tarehe mosi nilimpa dereva mkononi, na ameapa ilikufikia. Hukujibu. Simu yako imezimwa. Nikasema sawa, amenuna, kununa amekurithi kwangu.

Kuna habari ya boksi. Lilikuwa tayari mapema, lakini dereva amehamishwa, sasa anapeleka sabuni upande mwingine kabisa, na aliyechukua njia yenu anasema yeye habebi mizigo ya watu. Boksi liko stoo tangu tarehe tano. Nalipita kila asubuhi nikienda kuchota mchele. Barua hii nimeitia posta.

Najua hutalala njaa, maana mwenzangu yupo. Umeshachagua, kimya chako kimeniambia. Basi niandikie tu kwa mkono wako nisikie mara moja yaishe. Anakupikia vizuri? Bado anakaa nawe ukiumwa? Sijui kwa nini nauliza, maana kila jibu litaniumiza.

Mama


Jumanne, 2 Aprili

Shikamoo.

Hali yangu si nzuri sana, ila inatengemaa. Naandika nikiwa kitandani kwenye zahanati ya chuo. Barua yako ya posta imenikuta hapa.

Unasema nimeshachagua. Ni kweli. Nilichagua siku ileile niliyosoma barua yako ya tarehe mosi. Sikuingia tena kwenye kibanda cha fotokopi. Nilikuwa nazunguka nyuma ya uwanja ili nisipite mlangoni pake. Ile nusu ya boksi iliyobaki tulikuwa tumeshaimaliza chumbani. Nikangoja boksi la pili wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Simu niliiuza, nikala siku nne. Semina zilikuwa zimekwisha kwa sababu ya mitihani. Kukuandikia nilishindwa, kwa sababu ningeandika nini? Kwamba umenikataza kwake na kwako hakuji kitu? Nilidhani ni adhabu, nikaona bora niitumikie.

Mama Wino alinitumia mtu mara tatu. Mara ya nne alikuja mwenyewe bwenini na bakuli lake. Nikamwambia siwezi, mama amenikataza. Aliketi ukingoni mwa kitanda. Kisha akasema, "Basi mtii mama yako, lakini muuguzi nitamwambia." Akaondoka na bakuli lake, nami nikabaki nikimchukia yeye, na wewe, na tumbo langu.

Muuguzi alichelewa. Jumatano iliyopita tulikuwa na mtihani wa vitendo uwanjani. Kazi yangu ilikuwa kushika ufito wa kupimia wima juu ya alama, wakati mwenzangu anasoma namba kwenye mashine. Kushika tu. Ufito ukayumba. Mwenzangu akapaza sauti niunyooshe, nikajaribu kuunyoosha, na kitu cha mwisho ninachokikumbuka ni nyasi karibu na macho. Nimeshonwa nyuzi tatu juu ya nyusi. Mtihani nimeukosa. Wa marudio ni tarehe tisa, na nikiukosa na huo narudi nyumbani, mwaka mzima umepotea.

Hapa nimepata muda wa kufikiri. Wewe kila mchana unalisha watu mia mbili na kumi, na kila mmoja wao ana mama yake aliyemzaa. Hakuna hata mmoja kati ya hao mama aliyekuja kiwandani kukuuliza kwa nini unamlisha mwanawe.

Ulisema kijiko kimoja cha kwake kikiingia kinywani mwangu nisikuite mama. Leo asubuhi nimekula bakuli zima. Muuguzi ndiye aliyenipa, lakini nilijua lilikopikwa. Kwa hiyo sikujua barua hii niianzeje, ndiyo maana unaona shikamoo iko peke yake.

Yule uliyemzaa


Jumanne, 9 Aprili
Kwenye kibanda cha fotokopi

Mwanangu,

Safari hii siulizi hali yako, nimeiona kwa macho yangu. Uko uwanjani, umeshika ufito, una plasta nyeupe juu ya jicho, na ufito umenyooka. Nimekuona kupitia dirisha la huyu mwanamke. Sijaja huko kwa sababu una mtihani, na kwa sababu nikifungua mdomo kabla hujasoma haya nitaharibu. Ukimaliza utapewa barua kwanza. Mimi niko nyuma ya pazia.

Barua yako ilifika jana. Niliisomea stoo, nimekaa juu ya boksi lako. Kisha nikatoka nikasimama mbele ya watu wangu wakiwa wanakula, nikawatazama meza hadi meza, nikiwaza mama zao. Fundi wa mitambo akaniuliza kama leo chumvi imezidi. Nikavua aproni nikamkabidhi msaidizi mwiko. Ruhusa sikuomba, nitaiomba nikirudi.

Nisikudanganye, nilikuja nimejiandaa kugombana. Hata baada ya barua yako. Ndani ya basi nilipanga maneno, mengine makali na mazuri. Nilimtarajia mwanamke wa maringo, aliyezungukwa na watoto wa watu. Nikakuta mtu mfupi aliyechoka, anapigana na karatasi iliyokwama kwenye mashine. Nikasema, "Mimi ni mama yake." Hakuuliza mama wa nani. Alinitazama usoni akasema, "Karibu. Vidole vyako vyembamba kuliko vyangu, hebu ivute hiyo karatasi." Nikaivuta. Maneno yangu yote yakaishia hapo.

Nimemwomba msamaha, naye amepokea bila kunizungusha. Wewe nakuomba hapa kwenye karatasi, ukinijibu kwa mdomo nitashukuru. Nilikuambia uchague kati yangu na chakula, ukanichagua mimi, na mimi sikuwa na njia hata ya kukufikishia boksi. Nilitaka unikumbuke kila ukitafuna. Nikakuacha huna cha kutafuna.

Wanafunzi walipoanza kuja, nilishindwa kukaa kitako. Nilikunja mikono nikaingia jikoni kwake, hilo ndilo ninalolijua. Nimemwonyesha pia namna ya kukoroga uji usigande. Ni mgumu kufundishika, nilifurahi kuliona hilo. Kisha nikamenya vitunguu, nikataka kuvitia kwenye mafuta, akanishika mkono. Akasema, "Ngoja kwanza, huwa tunamtengea binti yako chake kabla ya vitunguu. Vinamchefua."

Nikamwambia amekuchanganya na mwingine. Nikamwambia binti yangu amekula vitunguu vyangu miaka kumi na tisa na hajawahi kubakiza. Akasema, "Huenda. Mimi nilimwuliza tu siku aliyokuja mara ya kwanza."

Nilisimama na kisu mkononi, mwanangu, mafuta yakaanza kutoa moshi, yeye ndiye aliyeepua sufuria. Wale wa kiwandani nawauliza kila siku kama chakula kimekaa sawa. Wewe nilikuwa nakuwekea sahani nakuambia maliza, na ulimaliza, nami nikaosha sahani nikiwa nimeridhika. Hakuna mchuzi niliokupikia maishani mwako ambao sikuuanza kwa vitunguu viwili vikubwa.

Ule wivu wa mwanzo ulikuwa upuuzi wangu. Huu wa leo ni wa haki, na sitaki mtu aniondolee. Anajua jambo lako ambalo mimi sikulijua, na alilipata kwa kuuliza.

Basi langu ni la jioni. Wengine wote wameshachukua mabakuli yao, limebaki lako, na jiko linawaka. Ukimaliza kusoma ingia, na usinijibu kile unachodhani nataka kusikia.

Unapenda kula nini?

Mama yako